Filta ya ND haizimi jua: dhana potofu ninazozisikia Bagamoyo

"Kaka, nipe ile filta ya kuzima jua."

Nakodisha taa na vifaa vya picha hapa Bagamoyo, na ombi hilo nalisikia kila msimu wa harusi unapochanganya. Anayeomba anakwenda kupiga maharusi ufukweni saa saba mchana, ana flashi moja na stendi, na ameaminishwa kwamba akifunga ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi anga litakolea, jua litatulia, halafu bibi harusi atang'aa kwa taa yake. Nikimwambia filta haifanyi hivyo, anadhani namnyima kifaa. Nimechoka kueleza mmoja mmoja kaunta, kwa hiyo naandika.

Dhana yenyewe ni kwamba ND inapunguza jua na kuiacha flashi. Haiwezekani. Filta imekaa mbele ya lenzi, na mwanga wowote unaoingia kwenye kamera lazima upite kwenye kioo hicho hicho, uwe umetoka juani au kwenye taa yako. Ukivaa miwani ya jua kisha mwenzako akakumulika tochi usoni, tochi nayo inafifia sawasawa na mchana. ND8 inakata stopu tatu za jua na stopu tatu za flashi (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu, au kuuongeza mara mbili). Uwiano wa hizo mbili, ambao ndio unaoamua anga likolee kiasi gani nyuma ya mtu wako, unabaki palepale.

Twende na namba, maana kwenye namba hakuna ubishi. Mchana wa jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata iliyofunguka 1/200 ya sekunde: utaangukia kwenye apecha, yaani tundu la lenzi, ya f/11 hivi (namba ya f ikishuka tundu linapanuka), na mchanga mkavu ukirudisha mwanga utajikuta unafunga zaidi. Tuseme taa yako ikiwa kwenye nguvu yote, mita mbili kutoka kwa mtu, nayo inatoa f/11 usoni. Jua na taa vimelingana. Sasa unataka minazi na madau ya nyuma yafifie, unataka f/2.8. Kutoka f/11 ni stopu nne: 8, 5.6, 4, 2.8. Unafunga ND16, ambayo inakata stopu nne, unafungua apecha, unapiga. Uso ni ule ule, anga ni lile lile. Kilichobadilika ni kimoja tu, nyuma kumefifia. Na taa bado iko kwenye nguvu yote! Anayedhani kwamba kwa kuwa yuko f/2.8 anaweza kuishusha taa hadi moja ya kumi na sita anasahau kwamba stopu hizo nne zimeshaliwa na filta.

Hapo ndipo ninapobishiwa: "Mbona mimi nikifunga ND anga linakolea?" Linakolea kwa sababu ulipofunga filta picha nzima iliingia giza, ukaenda kwenye taa ukaipandisha kutoka robo hadi nguvu yote. Hizo ni stopu mbili ulizoipa flashi, na jua hukuliongezea kitu. Ungeipandisha vivyo hivyo bila filta, ukafunga apecha stopu mbili, ungepata anga lile lile. Kazi imefanywa na taa, sifa umeipa filta, na wiki ijayo unarudi kutafuta filta kali zaidi badala ya kujifunza kuitumia taa.

Usiniamini mimi, jaribu. Nenda magofu ya Kaole, lipa kiingilio, omba ruhusa ya kusimamisha stendi, kisha mweke mwenzako mbele ya kaburi mojawapo lenye nguzo, lile jiwe la matumbawe lenye mikwaruzo unayoweza kuihesabu. Kamera iwe kwenye tripodi. Picha ya kwanza bila filta, f/11. Ya pili na ND16, f/2.8. Taa usiiguse, shata usiiguse. Ziweke picha mbili pamoja uangalie uso, anga na jiwe. Mwanga utakuwa mmoja. Tofauti ni kwamba kwenye ya pili mikwaruzo ya jiwe imeyeyuka. Mwanga ukitofautiana kidogo, filta yako haikati hasa kiasi kilichoandikwa kwenye ringi. Za bei ya chini nyingi ziko hivyo, na ni vizuri ukalijua hilo kabla ya siku ya kazi.

Basi ND ni ya nini? Ni kwa ajili ya sinki, yaani kasi ya mwisho ya shata ambayo flashi bado inaiwahi picha nzima. Kamera nyingi zikiwa na flashi zinaishia 1/200 au 1/250. Ukipita hapo, pazia la pili la shata linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, na kipande cha picha kinabaki bila flashi. Kwa hiyo ukitaka f/2.8 mchana huwezi kukimbilia 1/3200 na flashi ya kawaida. HSS, mfumo wa flashi kwa shata ya kasi, inakuruhusu, lakini inafanya hivyo kwa kulikatakata pigo moja kubwa kuwa mapigo mengi madogo yanayofuatana wakati ufa wa shata unapita mbele ya sensa (kipande kinachonasa picha), na kwa njia hiyo mara nyingi unapoteza stopu mbili au zaidi za nguvu. Saa saba mchana ufukweni, stopu mbili ndizo zinazoamua kama taa itamfikia mtu au haitamfikia. ND inakuacha ubaki 1/200, na pigo zima, na f/2.8. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwa kazi hiyo naipenda sana. Kamera ya Sony α9 III, iliyotangazwa 2023, haina tatizo la sinki kabisa kwa sababu sensa yake inasoma picha nzima kwa mpigo mmoja, ila wengi wetu tutaendelea na mapazia kwa miaka mingi.

Dada yake dhana hiyo ni ile ya kwamba ukishaingia HSS, kila ukipandisha shata jua linashuka na flashi inabaki. Flashi nayo inashuka. Ndani ya HSS shata inavikata vyote viwili pamoja.

Ukitaka kweli kulishinda jua, una vitu vitatu: nguvu ya taa, umbali wa taa, na mahali aliposimama mtu. Umbali ndio unaopuuzwa, na hauna gharama. Taa ikitoka mita mbili ikaja mita moja, mwanga unaomfikia mtu ni mara nne, stopu mbili nzima. Nimeona watu wakikodi taa ya pili wakati ya kwanza imesimama mita tatu kutoka kwa maharusi kwa sababu hawataki ionekane kwenye fremu. Ushauri wangu haubadiliki: sogeza softiboksi (kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa taa) mpaka ukingo wake uingie kwenye picha, kisha irudishe nyuma kidogo tu. Na msaidizi aishike stendi kwa mkono. Upepo wa kusi hauheshimu mfuko wa mchanga wa kilo tano.

Nyingine nazipitia haraka.

Kwamba ND kali zaidi ndiyo bora. ND1000 inakata stopu kumi. Kutoka f/11, stopu kumi zinakupeleka f/0.35, na lenzi hiyo huna. Ni filta ya kulainisha mawimbi kwenye tripodi. Kwa picha za watu na flashi, ND8 na ND16 zinatosha karibu kila siku. Na usidharau f/4: kwenye lenzi ya milimita 85, ND8 tayari imeshafifisha madau vizuri.

Kwamba ND ya kuzungusha, unayobadilisha ukali wake kwa kuizungusha, inamaliza kazi zote. Kwa video, sawa. Kwa picha za watu siitaki. Ndani yake mna vioo viwili vya polaraiza, vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, na ukizungusha kuelekea mwisho unapata msalaba mweusi kwenye picha, hasa kwa lenzi pana. Kinachoniudhi zaidi ni ngozi. Polaraiza inakula mng'ao wa ngozi, na kwa ngozi zetu nyeusi mng'ao huo ndio unaochora shavu na paji la uso. Ukiuondoa, uso unakuwa bapa, halafu unakesha kwenye kompyuta kutafuta ulipokwenda.

Kwamba TTL, kamera kujipimia yenyewe nguvu ya flashi, haifanyi kazi na ND. Inafanya. Kamera inapima kimulimuli cha awali kupitia lenzi, na filta iko hapo hapo. Inachoweza kuishiwa ni nguvu ya taa.

Kwamba rangi ikichafuka picha imeharibika. ND ya kawaida inaichafua picha nzima kwa usawa, jua na flashi pamoja, kwa hiyo picha moja ya kadi ya kijivu, filta ikiwa imefungwa, inarekebisha zote.

Kwamba kila lenzi inahitaji filta yake. Nunua moja nzuri ya kipimo cha lenzi yako kubwa, kisha ringi za kuishushia kwenye lenzi ndogo.

Na ya mwisho si ya wapiga picha, ni ya maharusi wenyewe, wanaotoka Dar es Salaam wakitaka jua linazama baharini nyuma yao. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Jioni, bahari ikiwa nyuma yao, jua linawapiga usoni, limeshalegea, na kuelekea saa kumi na mbili unapata f/2.8 kwa 1/200 bila filta yoyote. Anayetaka jua lenyewe nyuma yake juu ya maji aje alfajiri. Kwa vyovyote, mpiga picha aangalie kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, kwa sababu maji yakipwa hapa bahari inakwenda mbali, na utabaki na uwanja mpana wa tope la mchanga mahali ulipowaahidi mawimbi.