Maji ya kisima kung'aa hakumaanishi ni salama kwa mboga

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti maji ya kisima yakiwa maangavu na hayanuki, mwagilia mboga tu, kupima ni kupoteza hela. Si kweli. Bakteria wa kinyesi, kama E. coli, hawaonekani wala hawanuki. Kinachochanganya watu ni tope: likituama maji hung'aa, lakini bakteria wanaweza kubaki.

Ili kupima, chukua chupa maalumu ya maabara, usiisuuze, ijaze maji ya kisima, itie kwenye deli lenye barafu na uifikishe maabara ndani ya saa 24. Bakteria huhesabiwa kwa kila mililita 100. Matango na kotimiri, vinavyoliwa vibichi, ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Mboga za kupikwa zina nafuu. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.