Kisukari kinachozuka ghafla baada ya mzio wa dawa na homa ya virusi: maswali na majibu

Swali: Je, mtu anaweza kuugua kisukari ndani ya wiki moja, hali mwezi uliopita alipimwa sukari akaonekana mzima?

Jibu: Anaweza. Wengi wetu tumezoea kisukari kinachokuja polepole, kikamnyemelea mtu miaka mingi kabla hajakigundua. Lakini ipo namna ya kisukari cha aina ya kwanza ambayo seli za beta za kongosho, yaani zile zinazotengeneza insulini, huangamia karibu zote kwa siku chache. Mwaka 2000 Akihisa Imagawa, Toshiaki Hanafusa na wenzao wa Osaka, Japani, walieleza kwamba kati ya wagonjwa 56 wa kisukari cha aina ya kwanza waliowachunguza, 11 walikuwa na sura hii ya pekee: sukari ilipanda mno kwa muda mfupi, vimeng’enya vya kongosho viliongezeka katika damu, na zile kingamwili ambazo kwa kawaida huonekana kwa wagonjwa wa aina ya kwanza hazikuwapo. Utafiti wa nchi nzima uliofuata huko Japani, uliochapishwa mwaka 2003, ulikusanya wagonjwa 161. Wengi wa wagonjwa wanaojulikana hadi leo ni watu wazima wa Japani, Korea na China, na baadhi ya wanawake walipatwa wakiwa wajawazito au mara tu baada ya kujifungua.

Swali: Mzio wa dawa unahusianaje na kongosho?

Jibu: Mzio unaozungumzwa hapa si ule wa kuwashwa mwili saa moja baada ya kumeza kidonge. Huu huchelewa. Tuseme kijana ameanza kunywa karbamazepini kwa ajili ya kifafa. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, naye ameshazoea dawa. Kisha, kati ya wiki ya tatu na ya sita, anapata homa, uso unamvimba hasa kuzunguka macho, upele mwekundu unaanzia kifuani na kuenea mwili mzima, tezi za shingoni na kwapani zinavimba, na vipimo vya ini vinapanda. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa kifupi DRESS, na wenzao wa Japani huuita DIHS. Kwa kuwa umechelewa, mara nyingi si mgonjwa wala jamaa zake wanaoihusisha dawa na upele, na kijana huendelea kuimeza asubuhi na jioni huku akipakwa losheni ya ngozi. Hilo ndilo kosa linaloniumiza zaidi, kwa sababu hatua ya kwanza ya tiba ni kuisimamisha dawa hiyo siku ileile chini ya uangalizi wa daktari, ambaye kwa mwenye kifafa atatafuta dawa nyingine isiyo na hatari hiyo.

Dawa zinazojulikana kuleta mzio huu ni pamoja na karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni za kifafa, alopurinoli ya gauti, dapsoni, baadhi ya dawa zenye salfa, minosaiklini, na nevirapini iliyotumika sana kwa watu wanaoishi na VVU. Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kwamba nyingi kati ya hizo si ngeni katika maduka ya dawa na kliniki zetu.

Wiki kadhaa baada ya upele kuanza, na wakati mwingine ngozi ikiwa imeshaanza kupona, wachache kati ya wagonjwa hawa hupatwa na kisukari cha ghafla. Ni wachache sana, lakini madaktari wa Japani wameonyesha kwamba kisukari hiki huwapata wagonjwa wa mzio huu mara nyingi zaidi kuliko watu wengine.

Swali: Na virusi vinaingilia wapi?

Jibu: Vinaingilia kwa njia mbili. Ya kwanza ni homa ya kawaida: katika utafiti ule wa 2003, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 walikuwa na dalili kama za mafua, maumivu ya koo au tumbo, muda mfupi kabla ya sukari kupanda. Virusi vya matumbwitumbwi, vya mafua na vile vya kundi la entero vimewahi kuonekana kwa wagonjwa wa namna hii.

Njia ya pili ndiyo inayofunga kamba kati ya mzio na kisukari. Karibu kila mmoja wetu aliambukizwa kirusi cha herpesi namba 6, yaani HHV-6, kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto hupata homa kali ya siku tatu hivi, kisha vipele vyepesi, akapona. Kirusi hakitoki mwilini, bali hulala. Mzio wa DRESS unapoivuruga kinga ya mwili, kirusi huamka, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu baada ya upele kuanza, na ndiyo maana homa na upele vinaweza kurudi upya hata dawa ikiwa imeshasimamishwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwa mtu mwenye vinasaba fulani, vita vya kinga dhidi ya kirusi hupiganwa hata ndani ya kongosho, na seli za beta huangamia humo.

Swali: Daktari alisema kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa karibu na kawaida. Je, mashine ya kidoleni ilikosea?

Jibu: Hapana, vipimo vyote viwili vinasema kweli. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, husoma sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Sukari iliyopanda Jumatatu haijapata muda wa kuacha alama ya kutosha ifikapo Ijumaa. Ndiyo maana vigezo vya Japani vya mwaka 2012 vinataka mambo matatu kwa pamoja: ketoni, yaani tindikali zinazozuka mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zionekane ndani ya siku 7 hivi tangu dalili za sukari zianze, sukari ifike milimoli 16 kwa lita au zaidi huku HbA1c ikiwa chini ya asilimia 8.7, na kipimo cha peptidi C kionyeshe kwamba kongosho karibu halitoi insulini tena. Kwa hiyo HbA1c nzuri haimpi mtu ruhusa ya kurudi nyumbani ikiwa mashine ya kidoleni imeandika “HI” badala ya namba, maana herufi hizo zinasema sukari imevuka kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu. Kwa mwenye selimundu kipimo hicho kinapotosha hata zaidi, kwa kuwa chembe zake nyekundu haziishi siku zote hizo.

Swali: Mgonjwa wa DRESS hupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo hupandisha sukari. Tutatofautishaje?

Jibu: Ni kweli, na hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Sukari inayoletwa na prednisoloni peke yake aghalabu hupanda mchana na jioni, na mara chache huambatana na ketoni, kwa sababu kongosho bado linafanya kazi. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei ndogo: kinachovywa, kinasubiriwa sekunde chache, na kile kisanduku cha ketoni kikigeuka zambarau iliyokoza, mgonjwa asiambiwe tena kwamba “ni dawa tu, itashuka.” Mtu aliyepata mzio huu angepaswa kupimwa sukari mara kwa mara kwa wiki nyingi baada ya upele kuondoka, hata kama anajisikia vizuri.

Swali: Dalili zipi zitupeleke hospitali usiku huohuo?

Jibu: Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kutapika, maumivu ya tumbo, uchovu usioelezeka, kupumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyekimbia, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno, na kuchanganyikiwa. Huku kwetu mtu anayetapika na mwenye homa huanza kufikiriwa malaria au homa ya matumbo, na dripu ya glukosi ikitundikwa kabla ya kidole kutobolewa, hali huharibika kwa saa chache. Jamaa wana haki ya kuomba, kwa heshima lakini bila kuchoka, sukari ipimwe kwanza. Kwa ugonjwa huu kuchelewa siku moja kunaweza kugharimu uhai, na kwa mjamzito uhai wa mtoto pia.

Swali: Tiba ni nini, na kongosho litarudi kufanya kazi?

Jibu: Hospitalini hutolewa maji ya chumvi kwa mshipa, insulini, na potasiamu inayopimwa kwa uangalifu kwa sababu hushuka insulini inapoanza kufanya kazi. Baada ya hapo insulini ni ya maisha yote. Seli zilizokufa kwa namna hii kwa kawaida hazirudi. Najua neno hilo ni zito kwa mtu aliyekuwa mzima wiki mbili zilizopita, na ndugu wanaomshauri aache sindano ajaribu mizizi wanampenda, lakini akiikosa insulini kwa siku moja au mbili ketoni zitarudi. Nyumbani kusiko na jokofu, chupa hukaa vizuri ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Swali: Je, ile dawa ya kifafa anaweza kuinywa tena akishapona?

Jibu: Hapana, hata kwa dozi ndogo. Tena aliyedhurika na karbamazepini anaweza kudhurika vilevile na fenitoini au fenobabitoni, kwa kuwa zinafanana kimaumbile. Majina yote matatu yaandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki, na kadi hiyo aitoe mwenyewe kila anapoandikiwa dawa mpya, hata dukani.