Kidonge cha thairoidi hakileti uraibu

Wengi bado wanaamini kwamba mwili "huzoea" vidonge vya thairoidi, hivyo ukipata nafuu uviache upesi. Sivyo. Levothairoksini, dawa iliyo katika vidonge hivyo, hujazia homoni ambayo thairoidi, tezi ya shingoni, haitengenezi ya kutosha. Nafuu yenyewe imeletwa na dawa. Ukiiacha, huisha mwilini taratibu kwa wiki kadhaa, ndiyo maana uchovu, kuhisi baridi na choo kigumu hurudi kimyakimya, na mtu akadhani ni uzee.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mwanamke mwenye upungufu wa homoni hiyo kwa dawa iliyotokana na tezi ya thairoidi ya kondoo. Mwanamke huyo aliendelea na tiba, akaishi miaka 28 zaidi.

Wapo wanaoacha salama, kwa mfano baadhi ya waliougua baada ya kujifungua, lakini daktari ndiye huamua, kwa kipimo cha damu.