Kiti Kitupu Ndicho Kinachopandisha Bei ya Tiketi Kisumu

Onyesho la saa kumi na mbili na nusu jioni likimalizika, mimi huteremka kutoka chumba cha mitambo na kusimama karibu na mlango wa kutokea kwa dakika chache, nikijifanya ninakagua taa za ngazi, ilhali ninasikiliza. Hakuna mahali pengine ambapo mtu husema ukweli kuhusu filamu kama katika zile hatua ishirini kati ya kiti chake na choo. Ijumaa moja, filamu kubwa ikiwa ndiyo kwanza imefika, kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Omera, mapigano yalikuwa moto, lakini nusu yake sikuiona, giza tupu." Nyuma yake alikuja mama mwenye watoto watatu, akihesabu kwa vidole: tiketi nne, bisi, soda, tuktuk ya kutoka Kondele na ya kurudi. Alipofika kwangu alisimama. "Baba, hii pesa yote huenda wapi?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu watoto walikuwa wanasinzia. Hapa nitamjibu kwa urefu, nikiwa mtu aliyefanya kazi ya kuonyesha filamu tangu zama za mikanda.

Tuchukue tiketi ya shilingi 600, kwa mfano tu. VAT ya asilimia 16 imo ndani ya bei hiyo, kwa hiyo takriban shilingi 83 ni za serikali kabla mtu mwingine yeyote hajanyoosha mkono. Zinabaki shilingi 517. Hizo hugawanywa kati ya ukumbi na msambazaji, yaani kampuni inayozikodisha kumbi filamu, na tukisema wanagawana nusu kwa nusu, ukumbi unabaki na shilingi 258 na ushei. Humo ndimo hutoka kodi ya jengo, mishahara, umeme wa projekta na wa viyoyozi, dizeli ya jenereta, na akiba ya kununua vipuri ambavyo bei yake hutajwa kwa dola. Bisi ni mahindi, mafuta na chumvi, na fedha yake haigawanywi na msambazaji hata senti moja. Ndiyo maana hugharimu hivyo. Sitaki kuitetea zaidi ya hapo.

Nusu kwa nusu, hata hivyo, ni mfano wa kurahisisha hesabu tu. Kwa kawaida mgao wa msambazaji huwa mkubwa zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua kadiri wiki zinavyosonga. Nchini Marekani mwaka 2017 iliripotiwa kwamba kampuni ya Disney ilidai asilimia 65 ya mapato ya tiketi za filamu yake ya Star Wars ya mwaka huo, pamoja na sharti kwamba ionyeshwe katika ukumbi mkubwa zaidi wa kila sinema kwa wiki nne. Nje ya Marekani viwango hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini mwelekeo ni ule ule: wikendi ya kwanza, ambapo watu hupanga foleni hadi barabarani na kila mpita njia hudhani mwenye ukumbi anaogelea katika fedha, ndiyo wikendi ambayo ukumbi hubaki na sehemu ndogo zaidi ya kila tiketi. Wiki ya nne, watu wakiwa wameacha kuizungumzia filamu hiyo, ndipo ukumbi huanza kupata chake, ikiwa bado kuna anayekuja.

Jambo jingine ambalo watazamaji hawalihesabu ni urefu wa filamu. Tarehe 21 Julai 2023 zilitoka kwa pamoja Oppenheimer yenye dakika 180 na Barbie yenye dakika 114. Ukumbi unaofunguliwa saa tano asubuhi na kufungwa saa tano usiku una dakika 720. Ukiongeza nusu saa ya matangazo, ya kufagia na ya kupanga watu, Barbie huingia mara tano barabara kwa siku, na Oppenheimer mara tatu. Ukumbi wa viti 150 una viti 750 vya kuuza kwa siku katika hali ya kwanza na viti 450 katika hali ya pili, kwa kodi ile ile, wafanyakazi wale wale na bei ile ile mlangoni. Kwa hiyo mtu anapotoka akisifu kwamba amefaidi saa tatu kwa bei ya mbili, yuko sahihi kabisa, na mimi huku juu huwa ninaitazama saa.

Lakini hayo yote, VAT, mgao na urefu, hayaelezi bei kama kinavyoieleza kiti kitupu. Nakumbuka Jumanne moja saa nane mchana nilipochungulia kupitia kidirisha cha projekta na kuhesabu vichwa tisa katika viti 150. Wawili kati yao walikuwa wamelala, na siwalaumu, kwa maana joto la Kisumu la mwezi wa Februari humfanya mtu aone tiketi ya sinema kuwa njia ya bei nafuu ya kukodi kiyoyozi. Projekta haijui kama inawaangazia watu tisa au 150; taa huchakaa kwa kiasi kile kile, hewa hupozwa kwa umeme ule ule. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, watu tisa waliuachia ukumbi shilingi 2,300 na kidogo. Hasara ya onyesho lile ilipaswa kulipwa na mtu, na mtu huyo alikuwa yule mama wa Ijumaa na watoto wake watatu. Mfanyabiashara wa mitumba wa Kibuye asipouza shati leo, atalitundika tena kesho, ila kiti cha saa nane mchana kikishapita saa kumi, hakiwezi kuuzwa tena.

Wapo wanaoniambia kwamba vibanda vya video vya Manyatta na Nyalenda huonyesha filamu hizo hizo kwa shilingi chache, tena zikiwa na maelezo ya Kiswahili ya wasimuliaji wa filamu kama DJ Afro, ambayo wengi huyapenda kuliko filamu yenyewe. Nami huyapenda. Nimekulia katika mabenchi hayo na sitayadharau. Tofauti ni kwamba kibanda kina televisheni moja, benchi na paa la mabati, na mara nyingi hakimlipi msambazaji chochote, kwa hiyo kinaweza kufaidi hata kwa watu tisa.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa giza, kwa sababu malalamiko yake yalinikera kuliko ya bei. Alikuwa na haki. Maoni mengi ninayoyasikia mlangoni kuhusu filamu, kwamba ni ya giza, kwamba maneno hayasikiki, kwamba rangi zimefifia, huwa kwa kweli ni maoni kuhusu chumba changu. Kipimo kinachokubalika cha mwanga juu ya skrini ya filamu ya kawaida ni kandela 48 kwa kila mita mraba. Taa ya zenoni, ile inayowaka ndani ya projekta, ikiwa mpya hukifikia bila taabu, lakini hudumu saa chache, kuanzia 500 hadi 2,000 kutegemea ukubwa wake, na hupungua nguvu polepole kabla ya kufa, kiasi kwamba anayeitazama kila siku hatambui. Taa hiyo ni ghali, huagizwa kutoka nje, na shilingi iliposhuka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, ungeelewa kwa nini kumbi zingetamani kuisukuma wiki mbili zaidi ya muda wake. Ongeza miwani ya 3D, ambayo hulinyima kila jicho zaidi ya nusu ya mwanga uliotoka kwenye projekta, na mapigano ya usiku yanageuka kuwa vivuli vinavyosukumana. Mitambo ya leza imeliondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa sababu chanzo chake cha mwanga hudumu kwa saa 20,000 au zaidi, ingawa bei ya kuinunua ni kilio kingine.

Sauti nayo ina kisa chake. Kitufe cha sauti katika ukumbi wa sinema kina namba, na 7 ndicho kiwango ambacho sauti za filamu huchanganyiwa huko studio. Ukiweka 7, milipuko huwatoa watu vitini, nao huja kugonga mlango wangu. Basi tunashusha hadi 5. Milipuko inatulia, lakini mazungumzo, ambayo yalipimwa yasikike vizuri kwenye 7, yanazama pamoja nayo, na wiki inayofuata mtu anatoka akisema waigizaji wa siku hizi wananong'ona. Binafsi ningeacha 6 na kuvumilia kugongewa mlango.

Zamani hatukuwa na anasa ya kubishana juu ya filamu mpya, kwa kuwa hazikutufikia zikiwa mpya. Mkanda wa milimita 35 wa filamu ya saa mbili una urefu wa takriban kilomita 3.3, umekatwa katika magurudumu ya dakika kama ishirini kila moja. Nakala zilikuwa chache, zikizunguka kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na zilipofika kwetu zilikuwa na mikwaruzo iliyonyesha kama mvua katika kila picha. Baada ya studio kubwa za Marekani kukubaliana juu ya viwango vya sinema ya kidijitali mwaka 2005, mkanda ulianza kuachia nafasi faili, na leo Kisumu huweza kuonyesha filamu siku moja na London. Faili hilo hufika likiwa limefungwa, na hufunguliwa kwa ufunguo wa kidijitali ulioandikiwa mashine moja tu, kwa siku na saa maalumu. Ijumaa moja tulitumiwa ufunguo ulioandikiwa seva, mashine inayocheza faili, tuliyokuwa tumeiondoa wiki mbili kabla. Filamu ilikuwa mikononi mwetu, ukumbi umejaa, na mashine ikiandika kwa utulivu kwamba haina ruhusa. Ufunguo sahihi ulifika baada ya dakika 50. Waliobaki waliisifu filamu ile kupita kiasi, nadhani kwa sababu ya njaa ya kungoja.

Kuna wakati mmoja tu ambapo sikusikia mtu akilalamikia bei. Ni Februari 2018, Black Panther ilipozinduliwa hapa Kisumu, ikiwa na Lupita Nyong'o, ambaye baba yake, Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wa kaunti. Walikuja wazee ambao hawakuwa wamekanyaga sinema kwa miaka mingi, wakiwa wamevaa kama wanakwenda harusini. Viti vilijaa siku za kazi, mchana kweupe. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba watu wetu hulipa wanapoona kwamba filamu ni ya kwao, na kwamba neno "ghali" mara nyingi huwa njia ya heshima ya kusema "hainihusu".

Kwa waajiri wangu nimebishana miaka mingi juu ya jambo moja: bei ya Jumanne mchana isilingane na ya Ijumaa usiku, na tofauti iwe kubwa kiasi cha kumtoa mtu nyumbani, kwa sababu punguzo la shilingi 50 humezwa na tuktuk. Mwaka jana walikubali kujaribu nusu bei kuanzia wiki ya tatu ya kila filamu kubwa, Jumatatu hadi Jumatano. Jumanne ya likizo ya Agosti nilichungulia kidirishani nikahesabu vichwa 61.

Yule mama alikuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimemshauri akae theluthi mbili kutoka mbele, katikati, mahali ambapo sisi huweka maikrofoni tunapopima spika, na ndipo alipokaa na watoto wake watatu. Waliangua kicheko mahali palipostahili. Alipotoka alinikuta mlangoni, akaniambia tiketi amezielewa, ila hajaelewa kwa nini bisi haikushuka bei. Nikamweleza yale ya msambazaji na senti moja. Hakuridhika.