Viatu vya zamu: yanayosemwa wodini na ukweli wake

"Kiatu laini ndicho kiatu cha raha."
Dukani unakivaa kwa dakika mbili, na kwa dakika mbili laini hushinda. Zamu ni saa 8, ya usiku hufika 12. Sponji laini hudidimia chini ya kisigino, mguu unayumba, na misuli midogo ya wayo na kifundo inahangaika muda wote kuuweka sawa. Uchovu mwingi unatoka hapo. Soli nzuri hubonyea kidogo ukiiminya kwa kidole gumba, kisha hurudi upesi.

Kabla ya kulipa, kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kisokote kama unayekamua nguo. Kikizunguka kirahisi, kirudishe rafuni. Mwisho bonyeza ukuta wa nyuma unaoshika kisigino. Ukuta huo ukilala chini ya kidole chako, kisigino nacho kitacheza humo siku nzima.

"Basi flati kabisa ndiyo salama."
Kiatu kisichoinuka hata kidogo nyuma huivuta zaidi kano iliyo juu ya kisigino. Kiinuke kama sentimita 1 hadi 3. Ukiamka asubuhi na hatua za kwanza zikachoma chini ya kisigino, kisha maumivu yakapungua ukitembea, mara nyingi ni utando wa wayo ulioelemewa. Ndala za nyumbani huuongezea mzigo. Hata jikoni vaa kitu chenye soli.

"Kitapanuka nikikizoea."
Ngozi halisi hupanuka kidogo kwa upana, urefu hauongezeki. Ngozi ya bandia hata upana haikupi. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba, ukiwa na soksi za kazini, na ujaribu ukiwa umesimama. Vaa vyote viwili, kwa kuwa mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake. Nunua kwa kufuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine si gumba, ni cha pili) ibaki kama sentimita 1.

"Crocs zinafaa kila idara."
Zinaoshwa kirahisi na zina nafasi ya vidole, hilo halina ubishi. Ila matundu ya juu hayana kazi leba wala thieta: sindano ikidondoka au damu ikimwagika, inaingia moja kwa moja. Chukua aina isiyo na matundu juu, na mkanda uushushe nyuma ya kisigino. Ukiuacha juu, vidole hujikunja kila hatua ili kiatu kisichomoke, na mwisho wa zamu utavisikia.

"Loweka kwenye klorini usiku kucha, vijidudu vife."
Vitakufa, na kiatu nacho. Klorini hukausha ngozi ya kiatu na kuachanisha gundi. Vaa glavu, futa damu kwanza, pitisha klorini ya asilimia 0.5, iache dakika 10, suuza kwa maji safi, kausha kivulini. Jua kali hufanya viatu vya aina ya Crocs visinyae. Mwenye uwezo awe na jozi mbili za kubadilishana, maana jasho la ndani halikauki kwa usiku mmoja.

"Raba ya mtumba, juu bado mpya."
Juu hakusemi kitu. Iweke mezani, itazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, sponji imeshalala kufuata mwendo wa mtu mwingine. Kuna pia soli za poliurethani zinazooza kwa unyevu hata zikiwa zimehifadhiwa tu; unavaa Jumatatu, Jumatano zinasagika.

"Soksi za kubana ni za wagonjwa."
Zenye mbano wa milimita 15 hadi 20 za zebaki (mmHg, kipimo cha mbano) humsaidia hata mzima anayesimama kutwa. Zivae asubuhi kabla miguu haijavimba, zivue ukilala. Mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguu, au mwenye shida ya ateri, amwone daktari kwanza.

"Miguu kuvimba ni kazi tu."
Yote miwili jioni, na ikanywea ukiinyanyua, huenda ni kusimama tu. Mguu mmoja ukivimba peke yake, shavu la mguu huo likauma na kupata joto, kiatu hakihusiki: inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye vena. Pimwa siku hiyo hiyo, usingoje zamu iishe.