Kwa nini mnasihi hubadili njia? Maswali na majibu kutoka Mtwara

Wiki iliyopita mnasihi, yaani mshauri wangu wa mambo ya akili na hisia, alinisikiliza tu. Wiki hii amenipa daftari niandike mawazo yangu. Anajua anachofanya kweli?

Huenda anajua vizuri tu. Kusikiliza bila kuhukumu ni njia iliyojengwa na Mmarekani Carl Rogers tangu miaka ya 1940, na ndiyo inayomfungua mtu mdomo. Daftari linatokana na tiba ya fikra na tabia ya daktari Aaron Beck, naye Mmarekani, ya miaka ya 1960: unaandika wazo linalokusumbua, kisha unalipima kama lina ushahidi. Anayefuata pweza mwambani hachukui jarife, wavu wa papa, na mnasihi naye hutazama kwanza anakabiliana na nini.

Tofauti ya kuchanganya njia kwa ujuzi na kubahatisha ni maelezo. Muulize, "Kwa nini leo tumebadili?" Mwenye ujuzi atakujibu kwa Kiswahili chepesi. Akikasirika kwa kuulizwa, una haki ya kutilia shaka.

Nipe mfano wa mtu mmoja aliyesaidiwa kwa njia kadhaa.

Huu ni wa kutunga, ila Kusini hakuna atakayeuona mgeni. Mkulima wa Newala, mtoto wake alilazwa huku shamba likidai salfa, dawa ya mikorosho. Akauza korosho kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini nje ya mnada, zikiwa bado mtini. Oktoba minada ikaanza, akasikia bei waliyopata majirani. Tangu hapo usingizi hauji, chakula hakipiti, kijiweni haonekani, na mkewe akimsemesha anafoka. Miezi inapita, hali ni ileile. Hiyo inaelekea kwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Mwanzoni anasikilizwa, basi. Ukimwanzishia mahesabu ya madeni siku ya kwanza, harudi.

Baadaye linajitokeza wazo linalomtafuna: "Mimi ni baba mpumbavu." Hapo daftari linafunguliwa. Aliuza kwa nini? Mtoto alikuwa wodini. Fedha ilikwenda wapi? Kwenye matibabu. Mnasihi hamwambii kwamba hakupata hasara, maana alipata. Wanachotafuta pamoja ni sentensi ya kweli zaidi: "Nilibanwa, nikauza kwa hasara." Inauma, lakini haimtukani.

Sambamba na hilo anapangiwa shughuli ndogo: apalilie mistari miwili asubuhi, jioni apite kwa rafiki mmoja. Mwenye sonona husubiri hamu irudi ndipo aamke. Njia hii humtaka aanze kabla ya hamu, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata kazi.

Madeni nayo yanaandikwa moja moja: la chama cha msingi, la duka la pembejeo, la shemeji. Anachagua moja, anatafuta hatua inayowezekana wiki hiyo. Zimbabwe, mradi ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 umewafunza akina bibi kufanya hivyo na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba unasaidia. Nami huwawaza manyakanga na makungwi wetu, wanaofunda vijana jandoni na unyagoni. Kukaa na mtu na kutunza siri wanajua tayari. Wangefunzwa yaliyobaki, tungekuwa mbali.

Mwisho ni nyumbani. Mke anaalikwa, na pengine mjomba, kwa sababu familia nyingi za Kimakonde na Kimakua hufuata ukoo wa mama na neno la mjomba lina uzito. Lakini mkulima akikataa, mjomba haitwi.

Siri yangu itafika mtaani?

Haitakiwi kufika. Isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa. Mipaka hiyo uelezwe siku ya kwanza.

Vikao vingapi?

Tiba ya fikra na tabia mara nyingi huchukua vikao 6 hadi 20. Kikao kimoja chaweza kukupa ahueni, ila usikifanye ndiyo tiba nzima.

Bibi anasema nina shetani, nipungwe. Niache unasihi?

Hapana, wala huna haja ya kugombana na bibi. Dua na kisomo haviuzuii unasihi, na mnasihi mzuri ataomba umsimulie bibi anasema nini. Ninachokataa ni kufungwa kamba, kupigwa, kunyimwa chakula, au kuambiwa uache dawa za hospitali.

Kwa hiyo dawa pia zinahitajika?

Wakati mwingine. Mnasihi asiye daktari haandiki dawa. Sonona kali, kusikia sauti wasizosikia wengine au kifafa vinamhitaji mhudumu wa tiba, na unasihi unaweza kuendelea pembeni.

Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Ulizia huduma za afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Kama mawazo ya kujiua yameshaingia, usingoje siku ya kliniki. Nenda sehemu ya dharura leo hii, usiende peke yako, na aliye nyumbani aondoe sumu za shambani mahali zinapofikika.

Na nikiona mnasihi haendani nami?

Mwambie. "Ndugu mnasihi, haya maandishi yananichosha, naomba tuzungumze tu" ni ombi halali, na mara nyingi linatosha kugeuza kikao. Binti anayetaka kuzungumza na mwanamke aseme hivyo hapo mapokezi. Yakishindikana yote, omba uelekezwe kwa mwingine.