Tequila haitoki kwenye kaktasi na mnazi hautoki kwenye dafu

Juzi kwenye sendoff ya binamu yangu jamaa mmoja kashika glasi anatuelezea vinywaji vya nchi za watu utadhani kazaliwa kiwandani. Eti tequila ni maji ya kaktasi, ile miti ya miiba ya jangwani, na kama chupa haina mdudu ndani ujue ni feki. Meza nzima ikaitikia kweli kweli. Mi nikanyamaza maana yeye ndo alikuwa ananunua, lakini roho imeniuma mpaka leo.

Tequila inatoka kwenye agave, na kama umewahi kupita Tanga au Morogoro basi ndugu yake ushamwona mara elfu, ni mkonge. Mkonge wetu ni agave pia, asili yake Mexico, aliyeuleta huku ni Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Sisi tunataka majani ili tupate katani, wao wanatumia agave ya bluu na majani wanayafyeka yote wanabaki na kitumba cha katikati, likitu likubwa kama nanasi, na hata kwa Kihispania wanaliita piña, yaani nanasi. Linapikwa, linakamuliwa, maji yake yanachachushwa, halafu yanachemshwa na mvuke unapozwa ndo unapata ile kali. Mdudu hana kazi kwenye tequila. Anawekwa kwenye baadhi ya chupa za mezcal, kinywaji kingine cha Mexico cha agave, ni kiwavi anayekula agave, na hiyo ilianza katikati ya karne ya 20 kama mbinu ya biashara tu.

Vodka nayo watu wanasema ni viazi. Ipo ya viazi, Poland wanaitengeneza vizuri tu, ila nyingi ni ya nafaka, ngano na rai. Sake ya Japani ndo kabisa, kwa vile inanywewa kwenye vikombe vidogo watu wanajua ni moto kama gongo, kumbe haichemshwi kukusanya mvuke, ni mchele unaochachushwa kwa msaada wa ukungu unaoitwa koji, na kilevi chake kwa kawaida ni kama asilimia 15 hivi, jirani kabisa na waini.

Sasa turudi nyumbani maana huku ndo tunajidanganya zaidi. Kuna watu wa bara mpaka leo wanajua mnazi ni maji ya dafu yaliyochacha. Hapana, mgema anapanda juu anakwenda kwenye karara, lile shina la maua kabla halijafunguka, analifunga, analikata ncha, utomvu unadondokea kwenye kibuyu, na kila akirudi analichonga tena kidogo ili liendelee kutoa. Mti unaogemwa hivyo hauzai nazi kwenye karara hilo. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni mtindo huo huo ila kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, asubuhi ni mtamu mtoto anaweza kunywa, jioni usijaribu kusimama ghafla.

Na mbege, jamani. "Pombe ya ndizi", basi. Nimekua naona shangazi akiipika kwao Marangu na ndizi ni nusu ya habari. Ndizi mbivu zinachemshwa masaa mengi mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa ili zichachuke, halafu zinakamuliwa. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, unapikwa uji na gome la msesewe ndani, chungu hilo gome, ukilamba utajuta. Vikichanganywa ndo mbege, na ule unga unga unaobaki mdomoni ni ulezi, sio ndizi. Bila ulezi na msesewe shangazi anakwambia hiyo ni juisi.

Nyingine inayonikera ni ya kuzifanya za kienyeji zote kundi moja, eti zinaua. Mbege, busaa ya nafaka ya Kenya, mnazi, hizo zimechachushwa tu, ziko jirani na bia. Gongo yetu na chang'aa ya Kenya ndo zinachemshwa mvuke ukakusanywa. Na hata hapo, vile vifo vya watu wengi kwa mpigo, kama Nairobi Novemba 2000 walipokufa zaidi ya 100, vilitokana na methanoli, spiriti ya viwandani, iliyotiwa ndani. Haionjeki, hainusiki tofauti, na ile ya kuwasha kiberiti uone moto wa bluu haisaidii kitu maana methanoli nayo inawaka bluu. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho, ndo maana mtu anaanza kuona ukungu masaa mengi baada ya kunywa, wakati yeye anajua ni hangova. Kenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na chupa maalum, Tanzania gongo ya mtaani bado ni kesi.

Tukirudi kwenye sendoff, yule jamaa wa mdudu alikuwa anakunywa Konyagi na soda huku anasema "mi napenda brandi ya Wafaransa". Jina tu ndo limetoka huko. Cognac, hiyo brandi yenyewe ya Wafaransa, ni ya zabibu, inakaa kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka miwili mpaka inapata rangi ya kahawia. Yake ilikuwa nyeupe pee kama maji, imetengenezwa Dar. Nikamwongezea barafu.